Kisigino cha Mama Ila

Mwaka ule wa kilimo cha kufa na kupona, Bakili, balozi wa nyumba kumi, alipita nyumba hadi nyumba mtaani Mchafukoge akihimiza kila mwenye kipande cha ardhi alime. Watu wakacheka. Walime nini, saruji? Hyasinta hakucheka. Mjane huyu wa kuli wa bandarini alikuwa na chumba kimoja uani mwa jumba la serikali, la Msajili wa Majumba, na mbele ya mlango wake palikuwa na udongo usiotosha hata kutandika mikeka miwili. Na ukutani, juu ya jiko lake, alikuwa ametundika mbegu za maboga alizoachiwa na marehemu mama yake, zimefungwa ndani ya maganda ya hindi.

Kijiji chao kule Ungoni kilikuwa kimehamishwa, na pale palipokuwa na nyumba ya mama yake sasa palikuwa pori tupu. Mbegu zile ndizo pekee zilizobaki. Zikifa, kwao kumekwisha.

Basi akaingia kazini. Aling'oa vigae na vipande vya chupa, akapondaponda mabonge. Kila jioni, akitoka kufagia ofisi kule Posta, alipitia sokoni Kariakoo akazoa majani ya kabichi yaliyotupwa, akayafukia pamoja na samadi ya mbuzi, akayaacha yaoze mpaka udongo ukawa mweusi, unanukia shamba. Wapangaji wenzake walipita wakiziba pua. Hakuna aliyemuuliza kitu. Miaka yote ilikuwa salamu tu, "habari", "nzuri", basi, kila mtu na mlango wake.

Akapanda nusu ya mbegu, peke yake, na hilo lilimuuma. Nyumbani kwao kupanda kulikuwa kazi ya wawili: mmoja adondoshe mbegu, mwenzake afukie kwa kisigino. Yeye alidondosha, akageuka, akafukia mwenyewe, akajiona kichekesho. Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema, lakini mwenye kidole kimoja afanyeje? Siku zikapita, halikuota hata jani. Udongo ukafanya ukoko mweupe.

"Unamwagilia maji gani?" sauti ikashuka kutoka roshani ya juu. Alikuwa Bhagwati, Mhindi ambaye jumba zima lilimwita Mama Ila. Alibaki peke yake kule juu tangu mumewe afariki na bintiye Ila aolewe Uingereza.

"Ya kisima. Ya bomba nayaweka ya kupikia."

"Ee, Hyasinta! Kisima cha hapa cha kuogea tu. Maji chumvi hayo! Umeziua mbegu."

Mtu aliyezaliwa Ungoni, ambako maji ni maji, angejuaje kuwa chumvi ya kisima huua mbegu? Hyasinta aliketi palepale chini akalia, wala hakujificha. "Zilikuwa za mama yangu," alisema.

Mama Ila akashuka ngazi taratibu, akijishikiza ukutani, na ndoo ya maji ya bomba mkononi. Wakauzoa udongo ulioingia chumvi, wakaleta mwingine, wakaanza upya. Jioni zile walikaa uani wakinywa chai ya tangawizi na kusimuliana habari za waume zao. Hyasinta akagundua kuwa anawahi kutoka kazini. Ndipo Mama Ila akamwambia, huku akitazama kikombe chake, kwamba Ila ametuma tiketi. Ataondoka Jumamosi.

Ijumaa wakapanda mbegu zilizobaki.

"Mimi nadondosha, wewe fukia," Hyasinta alisema.

Mama Ila alivua ndara, akapandisha sari, akakanyaga kila shimo kwa kisigino huku akicheka. "Zikiota, niite."

"Nitakuita, mama."

Jumamosi teksi ikaja ikamchukua.

Zilipoota, ilikuwa asubuhi na Hyasinta alikuwa ndiyo anatoka mlangoni kwenda kazini. Aliona vichwa vya kijani vimeinua udongo. "Mama Ila!" akaita kwa sauti kubwa. "Mama Ila, zimeota!"

Wapangaji wakachungulia. Ahadi ni deni, naye amelipa, ila roshani ya juu ilikuwa imefungwa. Upweke ukamwelemea kuliko siku zote. Afadhali asingemzoea mtu.

Akainama. Mche wa kwanza ulikuwa umechomoza katikati ya alama ya kisigino iliyobonyea udongoni. Hyasinta akachota maji kwa kiganja, akanyunyizia pembeni kidogo kidogo, asije akaifuta.