Sentimita Moja kwa Mita Hamsini

Nilipangiwa shule ya kijiji kimoja cha ujamaa, mwendo wa nusu siku kwa lori kutoka Sumbawanga mjini, kwa sababu ambayo hadi leo hakuna aliyenieleza. Nilikuwa binti wa Mbeya, nimetoka chuo cha ualimu na cheti kimoja na sweta moja. Sweta ndiyo iliyonifaa. Upepo wa Ufipa mwezi wa sita haujali umesoma wapi.

Shule ilikuwa na walimu watatu. Vifaa vyote vya hisabati mwalimu mkuu alinikabidhi kwa heshima kubwa na kunisainisha daftari: rula moja ya ubaoni. Ilikuwa imevunjika upande mmoja, inaanzia sentimita ya tisa.

"Utakuwa unatoa tisa," alinielekeza, kwa sauti ya mtu anayemrithisha mwenzake siri ya kazi.

Darasa la sita walitakiwa kujifunza kipimio cha ramani. Nikaandika ubaoni kama nilivyofundishwa chuoni: sentimita moja inawakilisha mita hamsini. Wanafunzi wakanakili. Walikuwa hodari wa kunakili. Ningeandika kwamba ng'ombe hutaga mayai, wangenakili na kupigia mstari kwa chini. Nikauliza kama wameelewa. Wakaitikia kwa pamoja kwamba wameelewa sana. Nikauliza wameelewa nini. Hapo ndipo tulipoanza kusikia mbuzi wa jirani.

Kisha akasimama msichana mmoja wa dawati la nyuma. Alikuwa na miaka kama kumi na mitatu, mtoto wa wakulima wa ulezi, na Kiswahili alikisema polepole kwa sababu kwao walizungumza Kifipa tu.

"Mwalimu, mita hamsini zitakaaje ndani ya sentimita moja? Hazitabanana?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nikatafuta mfano wa kizalendo. Nikawaambia wamfikirie mjumbe wa nyumba kumi: yeye ni mtu mmoja, lakini akienda mkutanoni anasimama badala ya nyumba zote kumi. Basi sentimita nayo ni mjumbe wa mita hamsini. Nilijipongeza kimoyomoyo.

"Lakini Mwalimu," yule msichana akasema, "mjumbe wetu akila huko mkutanoni, sisi huku hatushibi."

Nikaamua somo hilo litafundishwa nje.

Tulipata kamba ya katani ya mita ishirini, tukaifunga fundo kila mita, tukaanza kukipima kijiji. Kazi ilichukua wiki mbili. Wavulana walishika kamba, msichana yule akashika daftari, kwa sababu yeye peke yake hakukubali kuandika namba ambayo hakuiona kwa macho yake. Wavulana wakisema "kama kumi na mbili hivi", aliwarudisha mwanzo. Walimchukia sana. Nami nilimpenda, ingawa jua lilipozidi kuwa kali nilikuwa upande wa wavulana.

Wanakijiji hawakufurahia. Mzee mmoja alitoka nyumbani kwake akiwa na jembe mkononi, akasimama mbele ya kamba yetu. Tukamwamkia shikamoo. Aliitikia, lakini hakusogea.

"Mwalimu, mara ya mwisho watu walikuja na kamba," akasema. "Wiki iliyofuata wakaja na lori. Nikabomoa nyumba yangu kule bondeni, nikajenga hii. Sasa niambie mapema, safari hii tunahamia wapi?"

Nikamhakikishia kwamba hili lilikuwa somo tu, na kwamba ramani haijawahi kumhamisha mtu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, niliamini niliyoyasema.

Mwishowe tukachora. Tuliunganisha karatasi nne za manila kwa gundi ya uji wa unga, na kijiji chote kikaingia: safu za nyumba, kanisa, kisima, shule, na shamba la ujamaa. Shamba lilikuwa kamba ishirini kwa urefu na kamba kumi na mbili na nusu kwa upana, na kwenye karatasi likawa sentimita nane kwa tano. Tukapiga hesabu. Eka ishirini na tano, kasoro kidogo. Watoto walikaa wakiitazama ile karatasi kama wameumba kitu.

Katibu wa kijiji alikuja siku ya pili. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alikuwa amejijengea jina wilayani kwa shamba hilohilo, ambalo kwenye taarifa zake lilikuwa la eka mia moja. Alisimama mbele ya ramani muda mrefu.

"Kazi nzuri, binti yangu. Nzuri sana. Ila shamba mmelichora dogo."

"Tumelipima, ndugu Katibu."

"Sikatai. Lakini mgeni wa wilaya anakuja Alhamisi, na lazima aione ramani hii. Sasa wewe unataka aone nini?" Akainama, akasoma maandishi ya chini. "Hii sentimita moja kwa mita hamsini, nani aliamua?"

"Mimi."

"Wizara haikukuamuru?"

"Hapana. Mtu huchagua kipimio kulingana na karatasi aliyo nayo."

Uso wake ukang'aa kwa nuru ya elimu. Sijapata mwanafunzi aliyeelewa somo hilo haraka kiasi kile.

"Basi chagua kingine," akasema. "Andika mia."

Nilijaribu kumweleza. Nilimweleza kwamba ukigeuza hamsini kuwa mia, kila kitu kijijini kinarefuka mara mbili, hata njia ya kisimani. Hakusikia, au alisikia akaona ni maendeleo. Alinikumbusha kwa upole kwamba mimi ni mgeni, kwamba barua za tathmini ya walimu hupitia kwake, na kwamba wapo walimu waliopelekwa mahali ambapo hata lori halifiki. Kisha akaniaga vizuri.

Asubuhi iliyofuata nikafuta hamsini kwa ufutio, nikaandika mia. Nilifanya hivyo kabla ya kengele, nikidhani niko peke yangu. Yule msichana alikuwa mlangoni ameshika ufagio.

"Mwalimu, kijiji kimekua usiku huu?"

"Fagia," nikamwambia.

Alifagia. Siku nzima hakunyoosha mkono.

Alhamisi mgeni akaja na Landrova yenye vumbi hadi kwenye kioo. Tulitarajia awe kama wageni wote: apigiwe makofi, ale kuku, asifu, aondoke. Kwa bahati mbaya huyu alijua kusoma ramani. Darasani, mbele ya watoto, alitoa rula ndogo kwenye mfuko wa shati, akaanza kupima.

"Nane kwa tano. Mita mia nane kwa mia tano. Naam, eka mia. Hongereni sana."

Katibu akaongoza makofi. Mwalimu mkuu akapiga makofi. Nami nikapiga, tena kwa nguvu.

Lakini rula haikurudi mfukoni. Ikaenda kwenye nyumba. "Nyumba hadi nyumba mita mia moja? Tuliagiza ziwe hamsini! Huduma zitawafikiaje watu waliotawanyika namna hii?" Ikasogea pembeni, kwenye nyumba moja iliyokaa peke yake. "Sentimita kumi. Kilomita nzima! Nani huyu anayejitenga na wenzake?"

Mwalimu mkuu, ambaye hakuwahi kusema uongo kwa kukosa ubunifu, akajibu, "Ni kwa ndugu Katibu."

Ilikuwa nyumba mpya ya bati, bado inanukia mbao.

Mgeni akafungua kitabu chake, akatamka huku akiandika: nyumba zote zivunjwe na kujengwa upya karibu karibu kabla ya mvua, na Katibu awe wa kwanza kuonyesha mfano.

"Watoto wamekosea, ndugu," Katibu akasema haraka. Jasho lilimtoka, na baridi ile. "Hawa ni watoto tu. Hawajui kupima."

Msichana wa dawati la nyuma akasimama.

"Hatukukosea. Sisi tuliandika hamsini."

Mgeni akanigeukia. Katibu alikuwa anaangalia paa. Ningependa kuandika kwamba nilisema kweli kwa sababu ya ujasiri. Kusema kweli nilikuwa natafuta uongo mwingine, nikaona dirishani watu wamekusanyika kumtazama mgeni, na yule mzee mwenye jembe yuko mbele yao. Uongo ukanikauka mdomoni.

"Ni mimi niliyefuta," nikasema. "Watoto walipima sawasawa. Shamba ni eka ishirini na tano, na nyumba ziko mita hamsini hamsini, kama mlivyoagiza."

"Kwa nini ulifuta?"

"Niliogopa."

Hakuniuliza nilimwogopa nani. Nadhani alikuwa na umri wa kutosha kujua. Akaagiza kamba iletwe. Tukaenda shambani wote, mgeni ameshika ncha moja, msichana anahesabu kwa sauti, mahindi yanatugonga mabegani. Walipofika kamba ya ishirini shamba likaisha. Mgeni akasimama ukingoni akitazama majani matupu yaliyoendelea mbele, akasema, "Ndugu Katibu, eka zako sabini na tano zimekwenda wapi?" Hilo swali halijajibiwa mpaka leo.

Haki ilitendeka, kwa jinsi ilivyotendeka siku zile. Hakuna nyumba iliyovunjwa, hata ile ya bati. Baada ya mwezi mmoja Katibu alihamishiwa Sumbawanga mjini, ofisi kubwa zaidi, na habari tulizozipata ni kwamba alikabidhiwa kazi ya kukusanya taarifa za mashamba ya vijiji vyote. Mimi nikapewa uhamisho kwenda Kaoze, kule chini bondeni kwenye joto, kwa maslahi ya kazi. Maslahi ya nani, barua haikutaja.

Siku ya kuondoka nilikaa juu ya sanduku langu nikisubiri lori. Msichana akaja na mama yake, ambaye alibeba kikapu cha unga wa ulezi. Mama alipiga goti kidogo, akanipa kikapu, akasema maneno mengi kwa Kifipa.

"Anasema asante," msichana akatafsiri. "Anasema wewe umetuachia nyumba yetu."

Nikaona haya mpaka masikioni. "Mwambie siyo kweli. Mwambie nyumba yenu ni mimi niliyeitia hatarini, na ni wewe uliyesema kwanza."

Akafikiri. Kisha akamwambia mama yake kitu kifupi sana, na mama akacheka, akanishika mikono yote miwili.

"Umemwambiaje?" nikamuuliza nikiinuka, maana lori lilikuwa limeonekana.

"Nimemwambia umesema si kitu," akanijibu, akaninyanyulia sanduku.