Jumapili Mawingu Yalipofunguka Mlimani

Harusi yangu ilikuwa imekwisha kutangazwa kanisani mara tatu, kama ilivyo desturi, na hakuna aliyesimama kuipinga. Mchungaji alifika kwenye kanisa letu dogo nje ya Eldoret kwa baiskeli mara moja kwa mwezi, na ukikosa Jumamosi yake umekosa mwezi mzima. Baba wa mchumba wangu, mfugaji na mzee wa kanisa, alikuwa ameniambia wazi kwamba binti yake hatamngoja mtu. Hapo ndipo mzungu niliyemfanyia kazi shambani alipotaka niende naye Mlima Kenya kupiga picha za barafu.

Nilimweleza habari ya harusi. Akasema tutarudi kabla ya Jumamosi ya mchungaji, nami nikamshukuru Mungu, maana sikuwa nimewahi kuona barafu ikikaa juu ya nchi.

Wapagazi wa huko walitufikisha kwenye pango lililo juu ya msitu, wakateremka. Tukabaki watatu: mzungu, mpishi wake mzee ambaye miguu ilikuwa imemvimba, na mimi niliyebeba kamera. Ilikuwa sanduku zito lenye miguu mitatu, na picha zake zilishikwa kwenye vioo. Mzungu akiingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi, kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma yake na kushika pembe za kitambaa, upepo usikipeperushe.

Lakini mlima ulijifunika. Theluji ilianguka, tukaamka hatuioni hata njia tuliyoijia. Maji yaliganda ndani ya sufuria. Mimi niliyezoea baridi ya kwetu Uasin Gishu nilidhani naijua baridi, sikuijua. Tulikaa pangoni siku baada ya siku, moshi wa kuni mbichi ukitutoa machozi, mzungu akitoka kutazama juu na kurudi motoni. Kuondoka peke yangu sikuweza. Njia ilikuwa imefukiwa, na kipande, cheti cha kazi kilichoning'inia shingoni mwangu, hakikuwa na sahihi ya kuniachilia. Askari wa kwanza kukisoma angenifunga kwa kumtoroka mwajiri.

Nikawa naomba mawingu yafunguke. Niliiombea picha ya mtu mwingine zaidi ya nilivyowahi kuombea chakula changu.

Yalifunguka Jumapili asubuhi. Kilele kilisimama wazi, cheupe mpaka macho yaliuma.

"Leta mashine," mzungu akasema. "Upesi."

"Bwana, leo ni Jumapili."

Kanisani kwetu aliyefanya kazi Jumapili alitengwa na meza ya ushirika, na aliyetengwa hakufungishwa ndoa. Lakini hata kama pasingekuwa na wa kuniona, nilikuwa nimeahidi wakati wa ubatizo.

"Mungu yako ndiyo imefungua hii wingu," akasema.

"Ndiyo, Bwana, namshukuru. Lakini leo siwezi kubeba."

Hakunipiga. Alijitwika mwenyewe ile miguu mitatu, akapanda nayo hadi ukingoni, akarudi kuchukua sanduku akihema. Alipolifikisha, mawingu yalikuwa yamekwisha kufunga.

"Basi," akasema, "tutangoja tena."

Mpishi alinigeukia. "Wewe kijana, umebisha mlangoni wiki nzima. Umefunguliwa, unasema leo siingii?"

"Mzee, sikuichagua siku."

"Huyo msichana utamwoa ukiwa na mvi."

"Hata wewe ndevu zako zimeshakuwa nyeupe," nikamwambia, maana pumzi ilikuwa imemgandia kidevuni. Alicheka. Lakini hesabu ya siku niliijua kama alivyoijua yeye: Jumamosi ya mchungaji ilikuwa ile iliyofuata.

Katikati ya wiki mlima ulijifunua, nikabeba, picha zikapigwa, tukateremka. Jumamosi gari la mzungu lilizama matopeni karibu na Cheptiret. Tulipolitoa jua lilikuwa limeshapinduka, na mzungu akaniruhusu nitangulie kwa miguu.

Nilifika jioni. Mchungaji alikuwa amekwenda zake. Baba wa mchumba wangu alikuwa ameketi nje ya nyumba, akaniangalia uso uliobambuka ngozi.

"Umeungua wapi?"

"Ni barafu, Mzee."

"Barafu huchoma?"

"Huchoma, Mzee, jua likiipiga."

Nikamweleza yote, na ile Jumapili. Alichora chini kwa fimbo.

"Kwa hiyo ungeweza kufika."

"Ndiyo, Mzee."

"Ukamheshimu Mungu, ukamwaibisha binti yangu mbele ya watu." Yote mawili yalikuwa kweli. "Mimi nilisema hatamngoja mtu. Muulize mwenyewe."

Mchumba wangu alikuwa amesimama mlangoni, bado amevaa gauni jeupe aliloazima. Alinikazia macho.

"Huo mlima ni mzuri?"

"Sikuuona vizuri. Mzungu alipokuwa akipiga picha, mimi nilikuwa nimeshika kitambaa."

Akatikisa kichwa. "Mwezi ujao," akasema, "hutaondoka hapa hata kwenda mtoni." Akaingia ndani kubadilisha gauni, ili mwenye gauni arudishiwe.