Swali la Tatu

Umugwaneza alisafisha kituo cha afya cha Karuba siku za juma, na kila Jumamosi alishuka Mushaki kwa miguu kusomea uuguzi. Tangu mumewe afariki, alikuwa akilea mabinti wawili peke yake. Asubuhi ya mtihani wa mwisho wa mwaka, Adelaïde, mdogo wao aliyekuwa bado ananyonya, aliamka akiharisha. Mama alimnywesha uji kidogo, akambeba hadi akatulia, kisha akamwachia dada yake Shekinah, mwenye miaka kumi.

“Mama, usikawie,” Shekinah alisema. “Leo hacheke hata.”

Swali la tatu lilitaka dalili za mtoto aliyeishiwa maji mwilini. Umugwaneza aliandika: macho kudidimia, mdomo kukauka, kulia bila machozi. Hapo akaiweka kalamu. Asubuhi ile Adelaïde alikuwa amelia begani kwake, na bega halikulowa.

Akasimama.

“Mama, ukitoka hautarudia,” msimamizi alimwonya. “Mwaka inapotea.”

“Papa, mutoto wangu iko nakufa.”

Alipanda kilima akikimbia. Akamkuta Shekinah njiani, amembeba mdogo wake, kichwa cha mtoto kikining’inia. Kituoni muuguzi aliutafuta mshipa wa kumtundikia maji mara tatu kabla ya kuupata.

Jioni Adelaïde aliomba ziwa. Umugwaneza alimnyonyesha huku akilia.

“Mutihani uliisha, Mama?” Shekinah aliuliza.

“Hapana, mwanangu.”

Ilimbidi auanze mwaka upya, na hakujua atapata wapi nguvu.