Kikombe cha Sechelela chenye rangi ya kucha

Siamini bado kwamba Sechelela tumemzika. Na naanza na jambo ambalo hadi leo asubuhi sikuwa nimemwambia mtu yeyote shuleni: na mimi nina kifafa.

Jumamosi siendi tuition. Naenda Nzuguni, kwenye kituo cha vijana wenye kifafa. Siku ya kwanza nilimkuta Seche wa darasani kwetu amekaa mkekani. Nikageuka niondoke. Akacheka: "We! Kumbe mtu wa vitabu ni wa kwetu? Njoo ule, mlenda unapoa."

Kituoni wote tunakula bakuli moja. Mama mlezi hataki mtu ajitenge. Mkono wangu ulikuwa wa nane, na nilikula kwa furaha.

Ninyi shuleni mlimpa kikombe chake. Mkakipaka rangi ya kucha, nyekundu, kisichanganyike na vyenu wakati wa uji. "Mate yake yanaambukiza," alisema kiranja wa darasa. Kidato cha tatu! Mtu mwenye A ya Biology!

Seche alikiinua juu: "Asanteni jamani. Hata Headmistress hana kikombe chenye urembo."

Mwezi jana alianguka darasani. Nilijua la kufanya, tulifundishwa pamoja: mlaze ubavu, mlegezee kola, kaa naye. Nikainamia kitabu, nikajifanya nasoma, msije mkanijua. Alipozinduka aliniangalia mimi.

Jumamosi yake akanisogezea bakuli kama kawaida. "Kula, mwoga wangu."

Jumanne iliyopita alianguka bombani, uso ukaingia kwenye karo lenye maji. Nilikuwa maktaba. Nilipotoka niliwakuta mmejipanga ukutani kama mko assembly, mnasubiri povu liishe. Hakuna aliyemgusa. Nilipomgeuza, alikuwa ameshakwenda.

Sasa status zenu zimejaa picha zake. "Fly high bestie." Bestie! Aliyepaka kile kikombe ndiye aliyelia makaburini, kule Zuzu, kumshinda mama mzazi. Mmechapisha hadi fulana. Fulana mliweza. Kumgeuza mtu ubavu kuliwashinda.

Nawadharau. Na yule aliyeinamia kitabu namdharau zaidi.

Seche, hukuwahi kuniuliza kwa nini. Ungeuliza ningekuwa na la kujibu, hata uongo. Lala salama, rafiki yangu. Lala ubavu, kama tulivyofundishwa.

Baada ya mazishi mama yake alinipa kile kikombe. Leo saa nne nilipanga nacho foleni ya uji.

"We, hicho si cha marehemu?" kiranja akauliza.

"Ni changu sasa. Na mimi nina kifafa."

Foleni yote ikanipisha. Nikachotewa uji, nikaenda kukaa benchi la katikati, nikanywa mpaka ukaisha. Kisha nikakiosha palepale bombani, nikakiweka kwenye beseni pamoja na vikombe vyenu.