Tanzia Niliyoshindwa Kuifuta

Mwanamke akifiwa na mume hukaa eda, na watu humjia. Mimi nilifiwa na dada yangu, na siku ya tatu, majamvi yalipokunjwa, kila mtu alivaa viatu vyake akenda zake. Sikumlaumu mtu. Uongo huo: niliwalaumu wote, mmoja mmoja, nikiwa peke yangu jikoni.

Tulikuwa wawili katika nyumba ya baba yetu, hapa Magogoni, Kisauni. Yeye aliachika mapema, mimi nikaachika baadaye, tukarudi chumba kile kile tulimolelewa na tukazeeka humo. Kazi yetu ilikuwa kushona kofia kwa mkono. Yeye alishona duara ya juu, mimi nikashona ukanda wa pembeni, kisha tukaviunganisha. Tangu afe nimeendelea kushona kanda tu, maana ndizo ninazozijua. Mfuko mzima umejaa kanda, duara hata moja hamna, na bado kila asubuhi natia uzi kwenye sindano.

Nilimwosha mimi mwenyewe, pamoja na mwosha wa mtaa. Begani alikuwa na kovu la maji ya moto tangu utotoni, na nilipofika hapo mkono wangu ulipita taratibu, nisije nikamuumiza. Katikati ya kuosha maji yakaisha. Mifereji ya Kisauni mwaijua. Nikatoka uani nikapiga kelele kama mwehu, "Maji! Jamani, maji!" mpaka yakapatikana.

Tangu siku hiyo swali moja likanikaa kichwani: mimi je, nani ataniosha? Na kabla ya kuoshwa, nani atajua kuwa nimekufa? Mtoto sikujaliwa. Kaka yetu yuko Maskati, sauti yake naisikia Idi kwa Idi. Nikifa leo, wallahi, majirani watajua kwa harufu. Nilikuwa nikiliwaza jambo hilo nikishona, nikila, hata nikiwa kwenye sala, Mungu anisamehe.

Tanzia ya dada niliiandika mimi. Nikaandika kwamba dada yetu mshona kofia wa Magogoni, nyumba ya mlango wa kijani, ametangulia mbele ya haki, mazishi leo baada ya swala ya alasiri, wanawake tukutane nyumbani. Jina sikuliandika, kwani nani asiyemjua? Picha zake sina, alikataa kupigwa, alisema zamfanya aonekane mwizi. Basi tanzia ndiyo iliyobaki. Nikishaswali adhuhuri huifungua nikaisoma, kisha nikairudia.

Siku moja simu ikaanza kulalamika kuwa imejaa. Nikaogopa isije ikanifutia tanzia yangu. Binti wa dukani aliwahi kunionyesha namna ya kujitumia ujumbe mwenyewe ili usipotee, nami nikajitia hodari. Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule, ukenda. Kutazama hivi, haukuja kwangu. Umeingia kwenye kundi la wasap la wanawake wa mtaa, lile ambalo siku zote ni madira na dawa za kupunguza tumbo.

Yarabi! Nikaushika ule ujumbe kwa kidole nisiuachie. Simu ikaniuliza: nifute kwangu, au nifute kwa wote? Miwani ilikuwa mkekani. Nikabonyeza la karibu. Ujumbe ukatoweka. Alhamdulillahi, nikasema, hakuna aliyeona. Nikaiweka simu kwenye chaji, nikavaa miwani yangu, nikarudi kwenye sindano. Kumbe nilikuwa nimejifutia mwenyewe peke yangu. Mtaa mzima ulikuwa unaisoma ile tanzia, na mshona kofia wa mlango wa kijani kwa sasa ni mmoja tu.

Wa kwanza kuingia alikuwa muuza viazi karai wa pale kona, ambaye tangu matanga hajakanyaga kwangu. Leso amejifunga kiunoni, mikono kichwani. "Dada yangu wee! Umetutoka hata hukuaga!"

Nikainua uso. Akaniona nimekaa na ukanda wa kofia mapajani.

"Audhubillahi!" Akarudi kinyumenyume, akawakanyaga waliokuwa nyuma yake.

"Nani kafa?" nikamuuliza.

"Wewe!"

"Mimi? Saa ngapi?"

Waliujaza ukumbi na baraza. Wengine walicheka hadi wakashika ukuta, mmoja akanifinya mkono ahakikishe, mwingine akanigombeza kwa kuwa ameacha wali motoni. Mwosha alikuwa na mkoba wake, akaniangalia toka utosini hadi nyayoni kama fundi anayekadiria kitambaa. Na mmoja, ambaye machozi yalikuwa hayajamkauka, akasema, "Jamani, na alivyokuwa mwema. Mdomo anao, lakini moyo wake mweupe." Nimesimama mbele yake namsikiliza. Mwenye kundi akatoa simu yake pale pale akaufuta ujumbe kwa wote.

"Basi karibuni mkae," nikasema. "Natia chai sasa hivi."

"Siku nyingine, inshallah, tutakuja tukae."

Hakuna aliyevua hata kiatu. Kwa maiti wangekaa siku tatu, wangelala chini kwenye majamvi. Kwa mzima hawakupata wakati wa kikombe kimoja. Nilibaki mlangoni nikiwaangalia buibui zao zikikata kona, kisha nikaenda jikoni nikazima moto. Nililia. Sina haja ya kuficha, nililia kuliko siku ya dada, maana siku ya dada nilikuwa na kazi.

Alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa niliposikia mlango wa uani ukisukumwa kwa mguu. Alikuwa jirani wa ukuta wa nyuma, mwanamke wa bara, karani katika ofisi moja ya kutoa mizigo kule bandarini Kipevu. Aliingia mtaani siku chache kabla ya msiba wetu, na toka hapo maneno yetu yalikuwa juu ya kamba yake ya nguo na redio yake ya Jumapili. Nguo zake za kazi zimelowa jasho, na kila mkono umebeba mtungi wa maji.

Akaniona. Akasimama.

"Mama, kwani... si ni wewe umekufa?"

"Bado. Na hiyo mitungi?"

"Ni maji. Nimesoma kwa kundi, nikaomba ruhusa kazini, nikatafuta mwenye mkokoteni huko barabarani. Mfereji umekauka tangu jana, na nyinyi huwa mnaosha na maji mingi."

"Maji mengi," nikamsahihisha. Hata siku ya kufa kwangu mdomo hauniachi.

Hakucheka. Aliiweka mitungi chini, akakaa juu ya mmoja, akajifuta uso kwa mkono.

"Ile siku ya dada yako nilikusikia ukiitisha maji," akasema. "Nilikuwa na pipa imejaa. Lakini nilikuwa mgeni, sikujua kama mtu wa kanisa anaruhusiwa kuingia. Nikasimama nyuma ya mlango wangu na ndoo kwa mkono mpaka ukanyamaza. Mama, hiyo sauti bado naisikia."

Nikauwasha moto tena. Akavua viatu, akaingia, akakaa mkekani pale alipokuwa akikaa dada, maana hakujua, nami sikumwambia. Akanywa kikombe cha kwanza, akanywa na cha pili.

"Mimi siwezi kukuosha," akasema. "Najua haifai. Lakini siku ikifika, maji haitakosekana."

Hilo sikulisahihisha.

"Habari utaipata wapi?" nikamuuliza. "Tanzia ya dada niliituma mimi. Yangu ataituma nani?"

Akaweka kikombe chini. "Basi tuma mwenyewe."

"Nikiwa maiti?"

"Ukiwa hai. Kila asubuhi kabla sijaenda kazi, nitumie neno moja tu. Siku sitaona, nakuja."

Ndivyo tulivyopatana. Kila siku nikishaswali alfajiri namwandikia, "Nipo." Yeye hunijibu kwa alama ya kidole gumba, nasikia kufuli lake, hatua zake, basi. Baada ya hapo siku yote ni yangu mwenyewe. Wanawake wa mtaa hawajaja kukaa, na ile inshallah yao naijua. Mfuko wa kanda nao umejaa, nimeanza mwingine. Chakula napika cha mtu mmoja, na hata hicho hubaki. Jumapili nasikia redio ukutani, nami naisogelea kwa mkeka wangu ili niisikie vizuri.

Juzi niliamka, nikaswali, nikaandika "Nipo," nikakaa na simu mapajani. Sikulituma. Kulikucha kabisa. Nikasikia kufuli lake, kisha kimya, anasubiri. Mara mlango wake ukabamizwa, miguu ikaja mbio mchangani, na mtungi ukigonga ukuta njia nzima.

Aliingia bila hodi. "Mama! Mama, uko?"

"Nipo," nikasema. "Simu imeniishia chaji."

Akaweka mtungi chini, akanitukana kwa lugha ya kwao, machozi yakimlengalenga. Kisha akavua viatu, akaketi mahali pale pale, akanywa chai, akanisimulia habari za kazini kwake mpaka akachelewa. Muda wote huo simu ilikuwa chini ya leso yangu, chaji imejaa, na lile neno liko pale pale, halijatumwa. Alipokwenda zake nikavaa miwani kwanza, nikalifuta.