Mama Barafu na Chupa Mpya

Mama Barafu, mlinzi wa friji tatu za maabara, yeye aliyebeba sampuli kifuani umeme ulipokatika, aliyewafundisha maprofesa wanne kunawa mikono, huzungumza na chupa kabla ya kuifungua. "Haya mwanangu, tuone adabu zako." Chupa ni za kingamwili, dawa ya kunasa na kung'arisha kijani protini moja tu, ile inayounganisha tando za seli mbili ziwe seli moja. Vidole vyake ni vinene, ila tone halimponyoki. Hulidondosha, hugonga kichupa mara mbili kwa ukucha, huguna. Na kila chupa mpya huijaribu kwanza kwenye seli zisizo na protini hiyo kabisa; hizo zapaswa kubaki giza.

Wiki aliyokwenda likizo, mtafiti mpya, binti mwenye haraka zake, alifungua chupa bila kuijaribu. Mama Barafu aliporudi, alipokelewa mlangoni.

"Shangazi, njoo uone! Seli zangu zote zinang'aa kijani! Ripoti naituma leo."

"Na zisizo na protini je?"

Binti alizitia dawa, akasubiri, akachungulia kwenye hadubini, akanywea. Nazo ziling'aa kama ukumbi wa harusi.

"Shahidi anayemtambua kila mtu, mwanangu, hamjui hata mmoja."

"Ningeumbuka, shangazi!"

"Umeumbuka kwangu. Kwangu hakuna magazeti."

Akagonga kichupa cha dawa hiyo mara mbili, akakitupa. Kisha akavua ufunguo wa friji shingoni, akamvisha binti.

"Chupa nyingine inafika Jumatatu. Utaijaribu wewe. Na usisahau kuisalimia."