Gesi Iliyokomea Mlangoni

Siku yangu ya kwanza katika idara ya mazingira ya kaunti nilipewa buti na koleo, nikapelekwa Nyansiongo kuchimba shimo. Fundi Mkuu alichungulia ndani akacheka: "Unamzika ng'ombe au unamlisha?" Ndipo nikafundishwa kuwa mtambo wa samadi ni kama tumbo. Unaulisha kinyesi kilichokorogwa kwa maji, unaziba hewa isiingie, nao unatoa gesi ya kupikia. Kaunti ilitaka miti isikatwe kwa kuni, na moshi upungue angani.

Nyansiongo tulifaulu. Nikahamishiwa Ikonge, kwetu. Tukawafundisha wazee wenye maboma. Wakapiga makofi, wakaenda zao. Afisa wa Wadi alipopita baadaye, alikuta majiko ya gesi yamepoa na kuni zimejaa barazani.

"Mzee," akaniambia, "Mkurugenzi wa idara anakuja. Akikuta hivi, mradi unahamia kwingine."

Sababu niliijua. Sisi Wagusii tuna chinsoni, heshima ya ukwe: baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Tuliyemfundisha hangeweza kufika jikoni, na mpishi, yule mke wa mwana, hakufundishwa. Nami, kwa ukoo, ni baba mkwe wa wale wake wote.

Nilipomweleza mke wangu alicheka hadi akatua kikapu cha majani chai. "Baba Moraa, mmefundisha majogoo kutaga! Nielekeze mimi. Wewe kaa nje."

Basi tukazunguka boma kwa boma, yeye jikoni, mimi migombani nikipaza sauti.

"Washa kiberiti kwanza, ndipo ufungue gesi!"

"Tumesikia! Usitutishie watoto!"

Kisha vigelegele.

Mkurugenzi alikuja, akanywa chai iliyochemshwa kwa gesi, akauliza nani aliwafundisha. Wanawake wakamwonyesha mke wangu.

"Mama, uko idara gani?"

"Ya jikoni."

Alicheka kuliko sisi sote. Mradi ukabaki.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kama mipango ya kaunti imepunguza joto la dunia. Sijui, elimu yangu haifiki huko. Mitambo mingine ilipasuka, na hakuna aliyerudi kuitengeneza. Ninachojua ni nilichokiona mke wangu alipofariki. Kwetu, msiba ukiingia bomani, mti huangushwa ili kupatikane kuni za kupikia waombolezaji. Wake wa wana wa Ikonge walikataa. Kila mmoja alipika kwake, kwa gesi, wakaja wamejitwika masufuria kichwani, wakiimba. Tulikula tukashiba, na hakuna shoka lililosikika.